Kucheza AFLW kama kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na wazazi wa Kiswahili wanaoishi Melbourne, Perth na Adelaide, ambao binti zao wamerudi kutoka shule na mpira wenye umbo la yai mkononi. Huulizwa pia na ndugu walioko nyumbani ambao wameona picha mtandaoni wakashangaa ni mchezo gani huo. Hapa neno soka ni ule mpira wa miguu wa kawaida, na kandanda ya Australia ni huu tunaouzungumzia. AFL ni ligi yake kuu, na AFLW ni ligi kuu yake ya wanawake.

Huu ni mchezo gani? Ni raga?

Si raga. Ulizaliwa Melbourne na kanuni zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1859, miaka minne kabla ya Waingereza kuandika kanuni za chama chao cha soka. Unachezwa kwenye uwanja wa duara refu, mara nyingi uwanja uleule wa kriketi. Kila upande una nguzo nne zilizosimama wima, bila mwamba wala nyavu. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili ndefu za katikati ni goli, na goli ni pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, ni pointi moja. Hakuna kuotea.

Huruhusiwi kurusha mpira. Ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono, unaushika kwenye kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Ukikimbia nao, kila baada ya mita 15 hivi lazima uudundishe au uugusishe chini. Na ukiudaka mpira uliopigwa kutoka mita 15 au zaidi kabla haujagusa chochote, unapewa nafasi ya kuupiga bila kubughudhiwa. Ndiyo maana utaona mtu karuka hadi magoti yake yako mabegani mwa mwenzake.

Wanawake hucheza 16 kila upande, wanaume 18. Mpira wa wanawake ni mdogo kidogo na robo zao nne ni fupi kuliko za wanaume. Mengine mengi ni yaleyale, pamoja na kukabwa na kuangushwa chini.

AFLW ilianza lini?

Tarehe 3 Februari 2017, Carlton dhidi ya Collingwood, uwanja wa Princes Park mjini Melbourne. Kiingilio kilikuwa bure na waandaaji hawakutarajia umati. Waliingia watu 24,568 kisha mageti yakafungwa, na mkuu wa AFL wakati huo, Gillon McLachlan, ikambidi atoke nje kuwaomba radhi waliobaki barabarani. Goli la kwanza la historia lilifungwa na Jasmine Garner wa Collingwood, lakini Carlton walishinda kwa pointi 46 kwa 11.

Klabu zilikuwa nane. Mwaka 2019 zikaongezeka mbili, 2020 nne, na Agosti 2022 zikaingia nne za mwisho, kwa hiyo sasa klabu zote 18 za AFL zina timu ya wanawake. Mwaka huo wa 2022 ulikuwa na misimu miwili: mmoja Januari hadi Aprili, mwingine Agosti hadi Novemba, kwa sababu ligi iliamua kuhamisha kalenda. Ukisoma takwimu ukaona mabingwa wawili wa 2022, Adelaide na Melbourne, hujakosea kusoma. Mwaka 2020, kinyume chake, hauna bingwa kabisa, kwani korona iliukatiza msimu.

Kwa hiyo kabla ya 2017 wanawake hawakucheza?

Walicheza, tena zamani. Wafanyakazi wa kike wa duka moja kubwa la Perth walikuwa na mechi yao tangu 1915. Mwaka 1981 jimbo la Victoria likapata ligi ya wanawake yenye kudumu. Ila walicheza kwa gharama zao, viwanja vya pembeni, bila kamera.

Kikwazo kikubwa kilikuwa umri wa ujana. Msichana aliruhusiwa kucheza na wavulana utotoni, akikaribia miaka 14 anaambiwa basi, na timu ya wasichana hakuna. Mwaka 2003 wasichana watatu wa Victoria walilipeleka suala hilo kwenye baraza la usuluhishi. Uamuzi wa 2004 haukuwapa kila walichotaka, lakini ulisababisha mashindano ya wasichana kuanzishwa. Mmoja wao, Penny Cula-Reid, alikuja kuichezea Collingwood kwenye AFLW. Hebu fikiria: aliyezuiwa akiwa mtoto alisubiri zaidi ya miaka kumi kabla ligi haijafunguliwa, na bado alikuwa na miguu ya kucheza. Wengi wa rika lake hawakubahatika hivyo.

Nikitaka kumfahamu mchezaji mmoja tu, nimfuatilie nani?

Erin Phillips. Ameshastaafu, lakini maisha yake ya uchezaji yanaeleza ligi nzima.

Baba yake, Greg Phillips, ni gwiji wa Port Adelaide, klabu ya Australia Kusini, ambako alitwaa mataji manane ya jimbo. Erin alikua akiupiga mpira huo na wavulana, na kwa maelezo ya waliomwona alikuwa mkali kuliko wao. Alipofika miaka 13 njia ikaishia hapo. Akageukia mpira wa kikapu, akafika mbali: ligi ya WNBA ya Marekani, ubingwa akiwa na Indiana Fever 2012, ubingwa tena akiwa na Phoenix Mercury 2014, na Olimpiki ya Rio 2016 akiwa na timu ya taifa ya Australia.

AFLW ilipoanza alikuwa na umri wa miaka 31. Watu wazima wenye busara wangekaa na mataji yao. Yeye alirudi Adelaide, akajiunga na Adelaide Crows, na msimu wa kwanza kabisa akachukua ubingwa, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Fainali hiyo Adelaide waliwapita Brisbane kwa pointi sita tu.

Mwaka 2019 akarudia yote matatu, na hapa ndipo kwenye tukio ambalo mashabiki wa Adelaide hulisimulia hadi leo. Fainali ilichezwa Adelaide Oval mbele ya watu 53,034. Crows walikuwa wameshaizidi Carlton mbali. Robo ya tatu, Phillips alikuwa akigeuka, hakuna aliyemgonga kwa nguvu, goti la kushoto likakubali kwenda upande lisikotakiwa. Alianguka palepale akijua ni nini. Walipomtoa kwa machela uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi, wa Carlton nao. Matokeo yalikuwa 10.3 (63) kwa 2.6 (18): namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni zile pointi mojamoja, na kwenye mabano ni jumla. Medali ya mchezaji bora wa siku alikwenda kuipokea akiwa kwenye magongo.

Alirudi uwanjani, akapata taji la tatu na Crows mapema 2022. Kisha Port Adelaide, klabu ya baba yake, ikaanzisha timu ya wanawake, na yeye akawa nahodha wake wa kwanza. Alistaafu mwishoni mwa msimu wa 2023, akiwa na miaka 38.

Wanalipwa kiasi gani?

Swali hili ndilo lenye maneno mengi, na majibu mengi ya mtandaoni ni ya zamani. Fedha zote hapa ni dola za Australia.

Msimu wa 2017 kila klabu ilikuwa na wachezaji wawili nyota waliolipwa 27,000. Daraja la pili lilipata 12,000. Wengine wote, yaani sehemu kubwa ya timu, walipata 8,500. Hiyo ni kwa msimu na maandalizi yake, si kwa mwezi.

Ruka hadi msimu wa pili wa 2022. Makubaliano mapya yalipandisha malipo kwa asilimia 94 kwa wastani. Daraja la juu likawa 71,935, la pili 55,559, la tatu 47,372, na la chini 39,184. Magazeti yalishangilia, na kwa haki, maana daraja la chini lilikuwa 20,239 msimu mmoja nyuma. Lakini mwaka huohuo kima cha chini cha mshahara Australia kilikuwa dola 812.60 kwa wiki, ambazo kwa mwaka zinapita 42,000. Yaani msichana anayecheza ligi kuu, anayeonekana kwenye televisheni ya taifa, alipata pungufu ya anayepanga bidhaa kwenye rafu za duka kwa saa zote za kazi. Mkataba wake haukuwa wa saa zote, hilo ni kweli. Ila mwenye nyumba akija kudai kodi hakuulizi mkataba wako ni wa saa ngapi.

Mwaka 2023 yalisainiwa makubaliano ya miaka mitano, ya kwanza kuwaunganisha wanaume na wanawake kwenye hati moja. Wastani wa mchezaji wa AFLW ulipanda hadi kama 60,000 mwaka huo, ukilengwa kufika kama 82,000 mwaka 2027. Kwa wanaume wastani unazidi 400,000. Watetezi wa ligi husema wanaume wanacheza mechi nyingi zaidi na ndio wanaoleta fedha za televisheni. Hoja hiyo ina ukweli wake. Maoni yangu ni kwamba mechi haziongezeki zenyewe, kuna anayeamua ziwe ngapi, na wanawake walianza na mechi saba za msimu wa kawaida kwa sababu waliamuliwa saba. Mwaka 2025 zilikuwa 12.

Je, mtu anaweza kuishi kwa kandanda peke yake?

Wachache wa daraja la juu, ndiyo, hasa wenye mikataba ya matangazo. Walio wengi wana kazi nyingine au wanasoma.

Daisy Pearce, nahodha wa Melbourne na pengine uso unaojulikana kuliko wote wa miaka ya mwanzo, alikuwa mkunga. Wapo walimu, wauguzi, askari polisi, mafundi umeme, wanafunzi wa udaktari. Miaka ya mwanzo mazoezi yalifanyika jioni kwa sababu hiyohiyo: mtu ametoka kazini saa kumi na moja, amekula ndizi ndani ya gari, saa kumi na mbili yuko jimu, saa moja uwanjani chini ya taa, halafu kikao cha kutazama video za wapinzani, na anafika nyumbani saa nne usiku huku kesho ana zamu ya asubuhi. Sasa klabu nyingi zimehamishia mazoezi mchana, jambo ambalo ni nafuu kwa mwili lakini limewapa wachezaji kitendawili kipya: mwajiri gani atakuruhusu utoke mchana mara kadhaa kwa wiki?

Kwa hiyo mzazi ukiniuliza kama hii ni kazi, nitajibu kwamba ni kazi yenye mkataba, madaktari wa klabu na chama cha kuwatetea wachezaji, ila bado haijajaza mfuko. Binti asome. Hapa hilo si wosia wa kizee, ndivyo wachezaji wenyewe wanavyoishi.

Msichana anaanzia wapi ili afike huko?

Watoto wadogo huanza Auskick, programu ya michezo ya mwishoni mwa wiki kwenye viwanja vya mitaa. Baada ya hapo ni timu za wasichana za klabu za mtaa, kisha mashindano ya vijana ya jimbo ambako maskauti wa AFLW hukaa na daftari zao. Mwenye miaka 18 anaweza kujiandikisha kwenye uteuzi wa mwaka, ambapo klabu huchagua kwa zamu na, kama ilivyo kwa wanaume, iliyofanya vibaya ndiyo hutangulia kuchagua. Wa kwanza kabisa kuteuliwa, mwaka 2016, alikuwa Nicola Barr, aliyechukuliwa na Greater Western Sydney.

Kwa miaka mingi uteuzi wa wanawake ulikuwa na tofauti moja: msichana alichagua jimbo, na klabu za jimbo hilo tu ndizo zilizoweza kumchukua. Sababu ni mshahara. Huwezi kumwambia mtu wa miaka 18 ahame Perth aende Brisbane, ndege saa tano hivi, kwa dola 8,500. Malipo yalipopanda, ligi ikaanza kufungua uteuzi uwe wa nchi nzima.

Ambaye hakuteuliwa hajafungiwa. Ligi za majimbo, kama VFLW ya Victoria na WAFLW ya Australia Magharibi, hutoa wachezaji kila mwaka, na wengine wanasajiliwa wakiwa na miaka 25 na zaidi.

Na aliyetoka mchezo mwingine?

Anakaribishwa mno. Mbali na Phillips yupo Monique Conti wa Richmond, mchezaji bora wa ligi 2023, ambaye naye ni mtu wa mpira wa kikapu. Wengi zaidi wanatoka Ayalandi, kwa kuwa mchezo wao wa asili, kandanda ya Kigaeli, una kudaka na kupiga kunakofanana na huu. Cora Staunton, mwenye mataji manne ya Ayalandi akiwa na timu ya kaunti ya Mayo, alijiunga na Greater Western Sydney kwa msimu wa 2018 akiwa na miaka 36. Wengine walidhani amekuja kutalii. Aliendelea kufunga magoli hadi alipofikisha miaka 40.

Anachotakiwa mgeni kujifunza kwanza ni pigo la mguu. Unaushika mpira kwa mikono miwili, ncha moja ikitazama chini, unauachia udondoke wima bila kuyumba, na mguu unaukuta karibu na ardhi kwa mfupa wa juu ya unyayo, si kwa vidole. Ukipata sawasawa, mpira unajizungusha kurudi nyuma huku ukienda mbele, na anayeupokea anaudaka bila taabu. Ukiuachia vibaya kwa upana wa kidole, unakwenda unakojua wenyewe. Wacheza soka huteseka hapa, kwa sababu hawajazoea kwamba kosa hutokea mkononi kabla mguu haujafanya lolote.

Kuna Waafrika kwenye AFLW?

Wapo. Aliyefungua njia ni Akec Makur Chuot. Alizaliwa katika iliyo sasa Sudan Kusini, akakimbia vita na familia yake, na sehemu kubwa ya utoto wake ilipita kambi ya Kakuma, Turkana, kaskazini mwa Kenya. Walifika Perth mwaka 2005. Mwaka 2017 alivaa jezi ya Fremantle, wa kwanza kutoka jamii yake kucheza AFLW. Baadaye alicheza Richmond, kisha Hawthorn.

Safari yake haikuwa ya kupanda tu. Fremantle ilimwacha. Badala ya kukaa Perth alihamia Melbourne, akacheza ligi ya jimbo na timu ya Richmond hadi Richmond ilipopata nafasi AFLW naye akasajiliwa upya. Nje ya uwanja amefanya kazi nyingi na vijana wa jamii za wahamiaji.

Upande wa wanaume Kakuma ina mtoto wake mwingine, Aliir Aliir wa Port Adelaide, aliyezaliwa kambini humo na mwaka 2021 akatajwa kwenye kikosi bora cha mwaka. Kambi iliyofunguliwa 1992 kwa dharura imetoa wachezaji wa ligi ambayo watu wengi wa Lodwar, mji jirani, hawajawahi kuiona.

Mwislamu anaweza kucheza?

Haneen Zreika, Mwaustralia mwenye asili ya Lebanoni, alianza kuichezea Greater Western Sydney mwaka 2019 na ndiye mwanamke wa kwanza Mwislamu kwenye AFLW. Alikulia Auburn Giants, klabu ya mtaa ya magharibi mwa Sydney iliyojengwa na wasichana wengi wa Kiislamu wakiongozwa na Amna Karra-Hassan. Kwenye klabu za mitaa hijabu na nguo ndefu za kubana chini ya jezi ni jambo la kawaida.

Januari 2022 Zreika hakucheza mechi moja, kwa sababu siku hiyo timu ilivaa jezi ya kuunga mkono wapenzi wa jinsia moja na yeye alisema imani yake haimruhusu kuivaa. Klabu iliheshimu uamuzi wake, wenzake walicheza na jezi hiyo, na wiki zilizofuata akaendelea na kazi. Mjadala wa magazetini ulikuwa mkali kuliko uliokuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Vipi kuhusu majeraha? Nimesikia magoti yanawaisha.

Umesikia vizuri. Kano ya mbele ya goti, ile ACL, hukatika kwa wanawake wa ligi hii mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume. Nina Morrison, aliyeteuliwa wa kwanza mwaka 2018, alicheza mechi moja ya kuvutia Geelong kisha goti likakatika mazoezini wiki hiyohiyo. Kupona huchukua mwaka hivi. Sababu zinazotajwa ni nyingi: umbo la nyonga na goti, homoni, na hii ambayo mimi naipa uzito, kwamba wachezaji wengi wa miaka ya mwanzo hawakufundishwa tangu utotoni namna ya kutua, kugeuka na kuanguka, kwa sababu walizuiwa kucheza wakiwa na miaka 13. AFL imeandaa mafunzo maalumu ya kuwaandaa wasichana kwa hayo, na kocha wa mtaani asiyeyajua anafaa kuulizwa kwa nini.

Kichwa ni suala zito zaidi. Heather Anderson alikuwa tabibu wa jeshi na alishinda ubingwa wa 2017 na Adelaide. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 28. Familia yake ilitoa ubongo wake uchunguzwe, na mwaka 2023 wataalamu wakathibitisha alikuwa na CTE, ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara. Alikuwa mwanamke mwanamichezo wa kulipwa wa kwanza duniani kukutwa nao. Siku hizi mchezaji wa AFLW anayepata mtikisiko wa ubongo hawezi kurudi kwenye mechi kabla ya siku ya 12. Mtoto wako akigongwa kichwa akasema yuko sawa, usikubali maneno yake peke yake. Mpeleke kwa daktari, hata kama mechi ijayo ni fainali.

Mchezaji akipata ujauzito inakuwaje?

Mikataba ya sasa inamlinda. Mifano ipo: Daisy Pearce alikosa msimu wote wa 2019, akajifungua mapacha, akarudi 2020. Novemba 2022 aliiongoza Melbourne kuifunga Brisbane kwa pointi nne kwenye fainali, 19 kwa 15, kisha akastaafu. Kwa Phillips, mkewe Tracy Gahan ndiye aliyejifungua mapacha muda mfupi kabla ya msimu wa kwanza, kwa hiyo ule ubingwa wa 2017 ulipatikana na mtu asiyelala vizuri usiku.

Kwa nini hawavai kaptula nyeupe?

Kwa sababu ya hedhi. Kuanzia 2023 ligi iliziondoa baada ya wachezaji kusema wazi kwamba zinawapa wasiwasi uwanjani. Ilichukua miaka sita kuliona hilo.

Matusi ya mtandaoni ni mengi kiasi gani?

Ni mengi. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Tayla Harris, Machi 2019, akiichezea Carlton. Mpigapicha Michael Willson alimnasa hewani akipiga mpira, mguu umenyooka juu ya kichwa, misuli yote inaonekana. Kituo cha televisheni kiliichapisha picha hiyo, maoni machafu yakamiminika, na kituo badala ya kufuta maoni kikafuta picha. Watu wakakasirika, picha ikarudishwa, kituo kikaomba radhi. Harris alisema hadharani kwamba maneno yale yalikuwa udhalilishaji wa kijinsia. Miezi sita baadaye sanamu ya shaba ya pigo hilo ilizinduliwa Federation Square, katikati ya Melbourne.

Baada ya kustaafu wanafanya nini?

Wengi hawana pa kuhamia kwa kuwa hawakuwahi kuacha kazi zao. Wengine huingia kwenye utangazaji. Ukocha ndio unaofunguka polepole mno: hata timu za wanawake zimekuwa zikifundishwa na wanaume kwa wingi. Ndiyo sababu uteuzi wa Daisy Pearce kuwa kocha mkuu wa wanawake wa West Coast, klabu ya Perth, kuanzia msimu wa 2024, ulitazamwa kwa makini. Alichukua timu iliyokuwa ikifungwa kila kukicha.

Nikiwa Afrika Mashariki naweza kutazama?

Ndiyo. Nje ya Australia ligi ina huduma yake rasmi ya kulipia, WatchAFL, na vipande vya mechi hupatikana bure kwenye kurasa za AFLW. Msimu huanza Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na fainali kuu huwa karibu na mwisho wa Novemba. Agosti na Septemba Melbourne iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa saba. Oktoba wanasogeza saa zao na tofauti inakuwa nane. Mechi ya Oktoba inayoanza saa moja na robo usiku Melbourne utaipata saa tano na robo asubuhi Mombasa, saa nne na robo Bukavu, na saa sita na robo mchana Muscat. Mechi za mchana kwao ni alfajiri kwetu, na wa Perth wako sawa na Singapore, saa tano mbele, kwa hiyo mechi za Fremantle na West Coast za nyumbani ndizo rahisi zaidi kuzifuatilia ukiwa kazini.